Kwa nini vitabu vya kiada vinaogopa neno "huenda"?

#1 BabaSifa

Wakuu, habari za wakati huu. Nina jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita, naomba tulijadili.

Binti yangu alifanya jaribio la maharage shuleni. Kopo moja liliwekwa dirishani, jingine kabatini. Baada ya wiki mbili mche wa dirishani ulikuwa umesimama na majani yake. Wa kabatini ulikuwa umerefuka kama uzi, umegeuka njano, kisha ukalala chini. Swali likaja: "Eleza kwa nini mche wa kabatini ulikufa." Akajibu hivi, neno kwa neno: "Huenda ulikufa kwa kukosa mwanga. Lakini huenda ni maji pia, kwa sababu udongo wa kabatini ulikuwa bado umelowa na ulikuwa unanuka."

Akapewa nusu ya alama. Pembeni kwa wino mwekundu: "Una uhakika au huna?"

Nimechukua kitabu chake cha sayansi, nikapitia sura nzima ya mimea na penseli mkononi nikitafuta huenda, labda, pengine, yamkini, inawezekana. Sikupata hata moja. Ni "ni", "lazima" na "hu-" mwanzo mpaka mwisho. Mizizi hufyonza. Majani hutengeneza. Lazima kuwe na mwanga.

Dai langu ni kwamba mtoto ameandika sayansi bora kuliko kitabu chake. Na swali langu: nani aliamua kwamba kitabu cha kufundishia hakitakiwi kuonyesha shaka?

#2 MwalimuZamu

Pole mkuu, na umpongeze binti kwa kunusa udongo. Lakini simama kidogo upande wetu. Nina madaftari zaidi ya sitini mezani, na mwongozo wa kusahihishia unasema: "kukosa mwanga, alama 2." Basi. Nikianza kukubali huenda, kesho napata jibu hili, na nimeshalipata kweli: "Huenda ni mwanga, huenda ni maji, huenda ni wadudu, huenda ni baridi." Huyo ametupa wavu baharini, na samaki wangu yumo. Nimpe ngapi?

Kitabu kinasema kwa uhakika kwa sababu mtihani unauliza kwa uhakika. Sababu ndiyo hiyo, hakuna siri nyingine.

#3 Mpita_Njia

Nimekaa mbele kabisa hapa. Ila Mwalimu, wa wavu na wa kunusa udongo hawafanani. Mmoja anabahatisha, mwingine ametaja alichokiona.

#4 Ngeli_ya_Kumi

Tutenganishe mambo mapema, la sivyo uzi utatupotea. Kwenye isimu jambo hili linaitwa umodali: namna msemaji anavyoonyesha msimamo wake juu ya kile anachokisema. Kuna umodali wa wajibu, yaani kinachopaswa kutendeka, na kuna umodali wa kujua, yaani nina hakika kiasi gani. Neno "lazima" linabeba yote mawili, na kinachotenganisha ni kitenzi kinachofuata:

"Lazima mche upate mwanga." Kitenzi kimeishia na -e. Huo ni wajibu, ni sharti.

"Lazima mche huu ulikosa mwanga." Kitenzi kina wakati wake wa kawaida. Hapo hakuna sharti lolote, kuna mtu aliyeangalia ushahidi akakata shauri.

Sasa angalieni vitabu. Ile ya kwanza imejaa, ile ya pili ni nadra sana, ingawa ya pili ndiyo lugha ya mchunguzi. Sentensi ya pili inamwonyesha msomaji kwamba kuna mtu aliyefikiri kabla ya kuandika.

Halafu kuna hu-. Hiki kiambishi hakibebi nafsi wala hakitaji wakati. Mimi hula, wewe hula, mizizi hufyonza. Hakuna nani, hakuna lini. Mwandishi akisema "mizizi hufyonza maji" ameondoa kila alama ya mtu aliyewahi kukaa akaangalia mzizi. Sisemi ni kosa, maana hu- ni chombo kizuri mno cha kusemea yaliyo ya kawaida. Nasema tu ndicho kinachofanya kazi kubwa ya uhakika katika vitabu vyetu, wala si "lazima".

Na jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka: "huenda" yenyewe ni hu- ileile juu ya -enda. Kiambishi cha yaliyo ya kawaida ndicho kilichotupa neno la shaka.

#5 Kipimajoto

Mimi naona mnamtafuta mwizi nyumba isiyo yake. Tatizo halianzii kwenye kukosekana kwa huenda. Linaanzia kwenye kukosekana kwa "ikiwa".

"Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi." Kila mtu ameikariri. Ukweli ni kwamba huchemka kwa nyuzi 100 ikiwa kanieneo ya hewa ni ile ya kawaida ya usawa wa bahari. Kileleni mwa Everest yanachemka kwa karibu nyuzi 70. Ukiandika "huenda maji yanachemka kwa nyuzi 100" utakuwa umeharibu zaidi, maana hakuna shaka yoyote pale, kuna sharti lililofichwa. Tusitumie huenda kufunika uvivu wa kutaja masharti.

#6 Tarakimu

Kipimajoto umegonga penyewe. Kwetu kwenye hesabu huenda haina kazi kabisa, ila tuna adabu ya majina. Mwaka 1742 Goldbach alimwandikia Euler barua, na kutokana nayo tuna kauli hii: kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili. Kompyuta zimeikagua hadi kwenye 4 ikifuatiwa na sifuri 18. Haijapatikana hata namba moja iliyoivunja. Na bado mpaka leo kitabu cha hesabu kinaiita dhana, hakithubutu kuiita kanuni.

Mwanafunzi anayekutana na neno "dhana" hapo anajua yuko kwenye ardhi gani. Sayansi wangeweza kuazima adabu hiyo.

#7 Mhariri_wa_Usiku

Naomba niseme kitu kutoka jikoni, kwa sababu nimehariri vitabu vya kiada kwa miaka mingi na mikono yangu imo humu.

Miswada haiji bila huenda. Inakuja nazo. Mwandishi anaandika "inadhaniwa", "kwa kadiri inavyojulikana", "hadi sasa". Sisi ndio tunaozikata. Sababu ya kwanza ni nafasi: ukurasa una mistari yake, picha ina sehemu yake, na maneno ya tahadhari ndiyo yanayoonekana hayabebi mzigo. Sababu ya pili ni wapitiaji. Nimerudishiwa kurasa zenye maandishi "mwanafunzi atachanganyikiwa" mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Kuna moja inaniuma mpaka leo. Mapema mwaka 2023 nilikuwa na mswada wenye sentensi hii: "Hadi sasa, Mshtarii ndiyo sayari iliyogundulika kuwa na miezi mingi kuliko zote." Nilikata "hadi sasa", nikakata "iliyogundulika kuwa". Ikabaki "Mshtarii ndiyo sayari yenye miezi mingi kuliko zote." Safi, fupi, inakaa mstari mmoja. Februari ile Mshtarii ilikuwa kweli imeipita Zohali, ikiwa na miezi 92. Mwezi Mei ikatangazwa miezi mipya ya Zohali, jumla ikafika 145. Mwaka 2025 ikafika 274. Sentensi yangu ilizeeka kabla wino haujakauka, na ya mwandishi ingekuwa kweli mpaka leo kama taarifa ya wakati wake. Maneno mawili yale yalikuwa yamebeba mzigo wote.

#8 BabaSifa

Mhariri, asante sana kwa kusema hili waziwazi. Kwa hiyo shaka ilikuwepo, ikaondolewa njiani.

#9 BintiWino

Na kuna mtu aliyeielezea safari hiyo. Bruno Latour, mwaka 1979, baada ya kukaa muda mrefu ndani ya maabara moja Marekani akiwaangalia wanasayansi kama mtu anavyokaa na jamii asiyoijua. Aliona kauli inasafiri. Inaanza "labda A ndiyo inayoleta B". Inakuwa "fulani na wenzake wanaripoti kwamba A inaleta B". Inakuwa "A inaleta B". Kisha haisemwi kabisa, inachukuliwa tu. Kila kituo neno la tahadhari linashuka, na mwisho hata jina la aliyegundua linashuka. Kitabu cha kiada ndicho kituo cha mwisho.

Kwa hiyo simlaumu mwandishi wala mhariri. Maarifa yenyewe yanavuliwa shaka kadiri yanavyokubalika.

#10 Hadubini

Dada BintiWino, masahihisho mawili kwa nia njema. Waliandika wawili, Latour na Steve Woolgar, na Woolgar husahaulika kila mara. Pia kitabu cha kiada si kituo cha mwisho kwenye ngazi tano za kauli walizozipanga wao. Ni cha nne. Cha tano ni kile ambacho hakiandikwi popote kwa kuwa kila mtu wa fani anakijua. Kitabu cha kiada bado kinalazimika kukisema kwa sababu msomaji ni mgeni. Tofauti hiyo si ndogo: maana yake kitabu kinaandikwa kwa mtu ambaye hawezi kujua kauli ipi ilipigiwa kura jana na ipi ina miaka mia mbili. Zote zimevaa sare moja.

#11 BintiWino

Nimepokea, asante. Sare moja, ndiyo hasa nilichotaka kusema.

#12 Nesi_Mstaafu

Wanangu, msije mkapeleka huenda yenu kwenye kila kitabu. Kitabu cha uuguzi kikisema "mpe mgonjwa" kinatakiwa kiseme "mpe". Usiku wa manane, mtoto anapumua kwa shida, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafungua ukurasa. Hatafuti falsafa.

Lakini nitakubali jambo moja. Nilipokuwa nasoma tulifundishwa kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo na asidi. Si "inadhaniwa". Vinaletwa. Kisha kuanzia mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren wakaonyesha kuna bakteria, na Marshall akafikia kunywa bakteria hao mwenyewe ili aaminiwe. Nobel wakaipata 2005. Najiuliza nimewaambia wagonjwa wangapi "punguza mawazo" kwa sauti ya uhakika kabisa, kwa sababu kitabu kilizungumza nami kwa sauti hiyo. Ile sauti nilijifunza pamoja na yale maelezo.

#13 Mpita_Njia

Shikamoo mama. Sentensi yako ya mwisho nimeirudia mara tatu.

#14 Mtarjumani

Mimi natafsiri vitabu vya afya na sayansi, na naona chanzo kingine ambacho hamjakigusa. Sehemu kubwa ya vitabu tunavyosoma imepita kwenye tafsiri, na tahadhari ndiyo kitu cha kwanza kumwagika. Chukua kitenzi cha Kiingereza "may". Kinatoa ruhusa, kinaonyesha uwezekano, na kwenye sayansi mara nyingi kinamaanisha "baadhi ya wakati". Mfasiri mwenye haraka ana "huweza" tu mkononi. Inatoka: "Ugonjwa huu huweza kusababisha upofu." Msomaji anaelewa nini? Kwamba ugonjwa una uwezo huo? Kwamba hutokea mara kwa mara? Kwamba hatujui bado? Mara nyingi asili ilisema wazi ni ipi kati ya hizo tatu.

Siku hizi najilazimisha kuandika kwa urefu: "Baadhi ya wagonjwa hupofuka." Au: "Watafiti bado hawajajua kama unaleta upofu." Inakula mstari zaidi, na Mhariri hapo juu atanikatia, najua.

#15 Mhariri_wa_Usiku

Siku hizi sikukatii, kaka. Ile sentensi ya miezi ilinifunza.

#16 Ngeli_ya_Kumi

Hapo kwa -weza Mtarjumani amefungua mlango mpana. Wazee walikuwa wakisema "fulani hawezi" kumaanisha ni mgonjwa, na mpaka leo wapo wanaosema hivyo. Kitenzi cha uwezo wa mwili kikaja kubeba uwezekano wa mambo. Maneno haya hayatulii.

Nyingine ya kuchekesha kidogo: "labda" asili yake ni Kiarabu, lā budda, yaani "hapana budi, haikwepeki". Neno la uhakika mtupu. Likafika kwetu likawa neno la shaka. Na "budi" ileile tukaibakiza upande wa pili: "hapana budi", "sina budi". Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja anasema lazima, mwingine anasema pengine.

#17 Zamaradi

Kwa hiyo mtu akiniambia "labda nitakulipa mwisho wa mwezi", nimjibu kwamba kwa asili ya neno ameshaahidi?

#18 Ngeli_ya_Kumi

Jaribu, kisha uje utupe majibu.

#19 Mtunga_Maswali

Nirudishe mada kwa BabaSifa. Nimetunga mitihani ya kuchagua jibu kwa muda, na kuna kitu kila mtunzi mzoefu anakijua na kila mwanafunzi mjanja anakijua pia. Jibu lenye "daima", "kamwe", "zote" huwa si sahihi. Jibu lenye "huweza", "kwa kawaida", "baadhi" huwa ndilo. Mwanafunzi ambaye hajasoma chochote anaweza kuokota alama kwa kusoma umodali peke yake.

Sasa angalieni tulivyomkoroga mtoto. Kitabu kinamfundisha kwa "hu-" na "lazima". Mtihani wa kuchagua unamlipa akikimbia maneno ya uhakika. Mtihani wa kujieleza unamkata akiandika huenda. Vitu vitatu, sheria tatu, na hakuna aliyemweleza hata moja.

Tukikaa kukagua maswali, siku hizi nasimama kwenye "si lazima iwe" na "lazima isiwe". Watunzi wanazichanganya, na zina umbali wa mbingu na ardhi. Ya kwanza inaacha mlango wazi. Ya pili inaufunga.

#20 Hadubini

Niongeze mfano mmoja ninaoupenda sana, kwa sababu ndani yake unaona huenda ikitembea.

Mwaka 1921 Theophilus Painter alihesabu kromosomu za binadamu, zile nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba urithi, kwenye hadubini. Kwenye taarifa yake ya awali alisema kwamba pale palipoonekana vizuri zaidi alikuwa amepata 46 tu, lakini alikuwa bado anasita kati ya 46 na 48. Mwaka 1923 akaamua: 48. Kuanzia hapo vitabu vikaandika "Binadamu ana kromosomu 48." Hakuna huenda. Watu wengine wakahesabu baada yake, na kwa miaka zaidi ya thelathini 48 ikaendelea kuonekana, kwa sababu kila mmoja alijua anatafuta ngapi.

Mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan, huko Lund, Sweden, wakatumia mbinu bora zaidi: seli zinawekwa kwenye maji yenye chumvi chache kuliko zilivyo zenyewe, zinavimba, kromosomu zinatawanyika badala ya kulaliana kama nyuzi kwenye kikapu. Wakahesabu 46. Na hapa ndipo ninaposimama kila mara: kwenye makala yao walisema hawataki kuigeuza hesabu hiyo kuwa kauli ya jumla kwamba binadamu ana 46, ila ni vigumu kukwepa hitimisho hilo. Waliopatia ndio waliosema kwa tahadhari. Vitabu vilivyokosea ndivyo vilivyosema bila kupepesa.

Painter wa 1921, yule anayesita, alikuwa karibu na ukweli kuliko Painter wa 1923. Laiti vitabu vingebakiza kusita kwake, pengine mtu angehesabu upya mapema.

#21 Tarakimu

"Pengine" hapo mwisho umeiweka mahali pake. Nimeona.

#22 Kalamu_Baridi

Mfano mzuri, Hadubini, lakini usiubebeshe kupita kiasi. Tahadhari ya makala za kisayansi mara nyingi ni heshima kuliko shaka. Watson na Crick mwaka 1953 walifungua makala yao kwa kusema wanapenda kupendekeza muundo wa DNA. Kupendekeza! Mnadhani walikuwa wanasita? Walikuwa na hakika, ila unapoingia kwenye uwanja wa wakubwa wenzako unabisha hodi. Huenda ya makala ni hodi. Mwanafunzi si mwenzako wa fani, humbishii hodi, kwa hiyo kwenye kitabu cha kiada inaondoka yenyewe. Sababu si mhariri, si mtihani, si tafsiri. Ni nani anazungumza na nani.

#23 Nesi_Mstaafu

Mwanangu Kalamu, na kwa nini mwanafunzi asibishiwe hodi?

#24 Kalamu_Baridi

Mama, hilo sina jibu lake la haraka. Nitalifikiria.

#25 MwalimuZamu

Nimesoma yote, na bado sijahamia upande wenu kabisa. Niwape upande wa pili wa shilingi kutoka darasani. Niliwahi kufundisha historia kwa kitabu kilichojaa tahadhari. "Inasemekana." "Inaaminika." "Yamkini walitoka kaskazini." "Baadhi ya wanahistoria wanadai." Baada ya somo la pili kijana mmoja mwenye akili sana alinyoosha mkono: "Mwalimu, kwa hiyo tuandike nini?" Hakuwa anakejeli. Alikuwa amepotea. Hakuwa na jiwe hata moja la kusimamia.

Mtu anayeanza anahitaji kitu kigumu chini ya miguu kwanza. Shaka inaweza kuja baadaye.

#26 Ngeli_ya_Kumi

Mwalimu, kitabu hicho kilimnyima mtoto wako kitu kingine: nani anasema. "Inasemekana" na nani? "Inaaminika" na nani? Kutendwa kusikotaja mtendaji kunaonekana kama unyenyekevu, kumbe kunaficha mlango wa kuingilia. Andika "Wanaakiolojia waliokuta vigae hivi wanakisia kwamba..." na kijana wako ana jiwe. Shaka ipo, na anajua imetoka wapi.

Zipo lugha zisizokuruhusu kuficha hivyo. Kituruki: geldi ni "amekuja", na mara nyingi maana yake nimemwona. Gelmiş ni "amekuja" pia, lakini nimeambiwa au nimekisia kwa dalili. Kikechua cha Andes kina kiambishi -mi kwa ninachokijua mwenyewe na -si kwa nilichosikia. Sisi tuna "eti" na "ati", lakini ukiziandika kwenye kitabu cha kiada zinasikika kama dharau.

#27 Mkondo

Wataalamu wa mitandao walishalitatua hili kwa ukali. Kuna hati ya mwaka 1997, aliyeiandika ni Scott Bradner, inayofafanua maneno machache tu ya kutumika kwenye kanuni za intaneti, kwa herufi kubwa. LAZIMA maana yake hakuna kuepa. INAPASWA maana yake unaweza kuwa na sababu halali ya kuacha, lakini ujue madhara yake. INAWEZA maana yake ni hiari kabisa. Ukisoma hati yoyote inayoifuata, hakuna wa kubishana juu ya neno.

Kwa nini kitabu cha sayansi kisiwe na jedwali kama hilo ukurasa wa kwanza?

#28 Kipimajoto

Hayo ni ya wajibu, Mkondo. Ya kujua yana jedwali lake: jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi hutumia maneno yaliyofungwa na asilimia. "Kuna uwezekano" ni 66 hadi 100. "Kuna uwezekano mkubwa sana" ni 90 hadi 100. "Karibu hakika" ni 99 hadi 100.

Na wana sababu. Sherman Kent, aliyekuwa mchambuzi wa ujasusi Marekani, alisimulia kwamba ripoti moja ya mwaka 1951 ilisema kuna "uwezekano mzito" wa Yugoslavia kushambuliwa. Baadaye akawauliza wenzake waliokubaliana na maneno hayo kila mmoja alikuwa na asilimia ngapi kichwani. Walitofautiana kutoka 20 hadi 80. Neno moja, ripoti moja, kamati moja.

#29 Zamaradi

Tujaribu hapahapa basi. Huenda, labda, pengine, yamkini. Asilimia ngapi? Mimi: huenda 50, labda 50, pengine 40, yamkini 70.

#30 Mpita_Njia

Huenda 60, labda 40, pengine 30, yamkini sijawahi kuitumia maishani.

#31 Mtarjumani

Huenda 50, pengine 50, labda 30, yamkini 60. Na asili ya yamkini ni "inawezekana" tu.

#32 Nesi_Mstaafu

Kwangu labda ni 20. Mtu akiniambia labda, simsubiri.

#33 Tarakimu

Watu wanne, na labda imetoka 20 hadi 50. Jedwali la Mkondo linahitajika kuliko nilivyodhani.

#34 BintiWino

Nyongeza moja kwa Mwalimu Zamu, kwenye hoja yake ya kitu kigumu kwanza. Ellen Langer na Alison Piper walichapisha jaribio mwaka 1987. Watu walionyeshwa vitu. Kundi moja likaambiwa "hiki ni kitu cha mpira cha kutafunwa na mbwa", jingine "hiki kinaweza kuwa kitu cha mpira cha kutafunwa na mbwa". Baadaye ikatokea haja ya kifutio. Walioambiwa "kinaweza kuwa" ndio zaidi waliofikiria kukitumia kile kipande cha mpira kufutia. Neno moja limeacha mlango wazi kichwani mwao.

#35 Kalamu_Baridi

Lakini hao hawakuwa watoto wanaojifunza usanisinuru, dada. Kufuta kwa mpira na kuelewa mmea ni vitu viwili.

#36 BintiWino

Kweli. Ndiyo maana nimeiita nyongeza.

#37 Kipimajoto

BabaSifa, kitu kimenirudia kuhusu kitabu chako: "Lazima kuwe na mwanga." Kwa ajili ya nini? Kama sentensi ile inahusu kuota, si kweli. Mbegu ya haragwe huota gizani bila taabu, inakula akiba yake yenyewe. Mwanga unahitajika baadaye, akiba ikiisha. Na ule mche wa kabatini kurefuka na kuwa njano ndivyo mimea inavyofanya gizani ikitafuta mwanga. Kwa hiyo sehemu ya jibu la binti ilihitaji hakika zaidi, na sehemu ilihitaji huenda. Hakukosea kutumia neno, alilitumia mara mbili kwa uzito mmoja.

#38 MwalimuZamu

Hapo nakubali bila shida. Ningeona "njano ni kwa kukosa mwanga, kufa huenda ni maji", ningetoa alama zote na ningemsomea darasa zima. Ila mwongozo wa kusahihishia bado hauna nafasi hiyo. Sijui nani wa kuubadilisha.

#39 BabaSifa

Wakuu, nimerudi. Baada ya maneno ya Kipimajoto tumerudia nyumbani kwa makopo manne: mawili dirishani, mawili kabatini, kila mahali moja la maji mengi na moja la maji kidogo. Leo ni siku ya kumi na tatu.

Ya kabatini yote mawili ni njano na marefu. Lenye maji mengi limeanza kunuka, na mche wake umelala leo asubuhi. La maji kidogo bado limesimama. Dirishani, la maji mengi limepauka kidogo kwenye jani moja.

Ameandika kwenye daftari: "Giza limefanya miche iwe ya njano. Maji huenda ndiyo yaliyouangusha." Nikamuuliza kwa nini sentensi ya kwanza haina huenda. Akasema, "Hiyo nimeiona kwenye makopo mawili. Kuanguka nimekuona kwenye moja tu."

#40 Tarakimu

Mawili nayo ni machache. Mwambie aongeze hadi manne kabatini, na apime maji kwa kijiko.

#41 MwalimuZamu

Na ukiuona ule wa maji kidogo umelala, uje useme umelala siku ya ngapi. Nataka kulifanya na darasa langu muhula ujao.